Neli, Chogo na Bapa: Historia ya Televisheni Katika Majina Yake

Mwaka 2007 taasisi moja ya umma iliniomba niifasiri hati ya zabuni. Hati yenyewe haikuwa ndefu, na sehemu iliyohusu vifaa vya vyumba vya mafunzo ilikuwa na mistari isiyozidi sita. Mstari mmojawapo ulitaka televisheni 10 za namna mpya, zile nyembamba, ili zitundikwe ukutani. Ila kusudi hilo la kutundika halikuandikwa popote, lilikuwa katika vichwa vya wenyewe. Nami nikaandika: "televisheni 10 zenye kioo bapa, zisizopungua inchi 29." Nikaipitia hati mara mbili, nikaiona safi, nikaikabidhi.

Miezi michache baadaye ziliwasili televisheni 10. Kioo cha kila moja kilikuwa bapa kweli, kimenyooka kama uso wa meza. Lakini nyuma ya kioo hicho palikuwa na mwili mzima wa televisheni ya zamani, na kila moja ilitaka watu wawili wenye nguvu kuiteremsha garini. Mzabuni alipoulizwa alifungua hati, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kioo ni bapa? Ni bapa. Inchi 29? Zimetimia. Idadi 10? Hizi hapa. Hakusema uongo, wala mkaguzi hakupata neno la kumshika nalo. Kosa lilikuwa la mfasiri, na mfasiri ni mimi.

Sikulieleza jambo hili kwa kutaka kuungama hadharani. Nimelieleza kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza neno bapa lilipata wapi uwezo wa kubeba vitu viwili vinavyopingana. Kamusi haina jibu la swali hilo. Yatupasa turudi katika historia ya chombo chenyewe, tuone kilivyotengenezwa, kilivyoitwa, na kwa nini majina yake yaliachana na umbo lake njiani.

Jina la kwanza

Neno televisheni lilikitangulia chombo. Mwaka 1900, katika mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris wakati wa Maonyesho ya Dunia, Mrusi Constantin Perskyi alilitumia neno hilo katika karatasi aliyoisoma kwa Kifaransa. Nusu yake ni ya Kiyunani, yenye maana ya mbali. Nusu ya pili ni ya Kilatini, yenye maana ya kuona. Wajerumani hawakuitaka ndoa hiyo ya lugha mbili, wakaunda Fernsehen kwa maneno yao wenyewe, nayo pia ni mbali na kuona. Sisi tumekaa katikati: tunalo televisheni, lililoingia pamoja na chombo, na tunayo runinga na luninga, yaliyoundwa ili kulipokea jukumu hilo na ambayo hayajafaulu kuliondoa lile la kwanza midomoni mwa watu. Sina nia ya kuufufua ubishi huo. Nataka tu ionekane kwamba jina la jumla lilitaja kazi ya chombo, yaani kuona mbali, na halikusema lolote juu ya umbo lake. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne hapakuwa na haja ya kusema, maana umbo lilikuwa moja.

Umbo hilo lilitokana na neli. Mwaka 1897 mwanafizikia Karl Ferdinand Braun, akifundisha katika chuo kikuu cha Strasbourg, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani, alitengeneza neli ya kioo iliyoondolewa hewa. Katika ncha moja ya neli palikuwa na kathodi, yaani upande wa umeme hasi utoao elektroni. Katika ncha ya pili palikuwa na uso uliopakwa unga unaong'aa pale elektroni zinapougonga. Sumaku iliyowekwa nje iliupinda mwonzi huo wa elektroni, na doa la nuru likacheza juu ya uso. Braun hakufikiria picha hata kidogo. Alitaka kuona kwa macho jinsi mkondo wa umeme unavyopanda na kushuka.

Waliofikiria picha walikuja baadaye. Mwaka 1911, mjini St. Petersburg, Boris Rosing alifaulu kuonyesha maumbo mepesi juu ya neli ya Braun, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Vladimir Zworykin. Tarehe 25 Desemba 1926, Kenjiro Takayanagi wa Hamamatsu, Japani, alionyesha juu ya neli alama moja tu ya mwandiko wa Kijapani, ile inayosomwa "i". Sisi wa kazi ya lugha tunaweza kujivunia kidogo hapo, kwamba kitu alichokichagua Takayanagi kwa jaribio lake kilikuwa herufi. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Septemba, kijana wa Marekani Philo Farnsworth, mwenye umri wa miaka 21, alipeleka mstari mmoja kutoka chumba hadi chumba mjini San Francisco, na kwake hata kamera ilikuwa ya elektroni. Mskoti John Logie Baird alikuwa amekwisha kuonyesha picha za watu mjini London mapema mwaka 1926, lakini yeye alitumia sahani yenye matundu iliyozungushwa na mota. BBC ilipoanza matangazo yake ya kudumu kutoka Alexandra Palace mwezi Novemba 1936 iliijaribu mitambo yote miwili kwa zamu, na mapema mwaka 1937 ule wa Baird ukaachwa. Tokea hapo televisheni na neli zikawa kitu kimoja.

Tazama sasa majina. Zworykin, aliyehamia Marekani, alipoonyesha neli yake ya kupokelea picha mwaka 1929 aliiita kineskopu, na neno hilo limebaki katika Kirusi kuwa jina la kawaida la neli ya televisheni. Wajapani waliiita neli ya Braun, kwa kumheshimu mwanzilishi, na hata mwenye duka la kawaida huko hulitumia jina la mtu huyo bila kujua alikuwa nani. Waingereza walishika jina refu la kisayansi, neli ya mionzi ya kathodi, wakalifupisha kuwa herufi CRT. Kila lugha ilichungulia chombo kilekile kwa dirisha lake.

Kwa nini neli ni ndefu

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana bila kufahamu kazi ya neli hatuwezi kuamua istilahi. Picha ya televisheni iliyotumika katika nchi zetu iligawiwa mistari 625, na picha 25 zilikamilishwa kila sekunde. Mwonzi wa elektroni ulianzia shingoni mwa neli, koili za sumaku zikaupeleka kushoto na kulia, juu na chini, mpaka uso wote ukafagiliwa. Sasa, mwonzi unaoanzia mahali pamoja hauwezi kuufikia uso mpana kama hauna nafasi ya kutanuka. Ukiitaka picha kubwa zaidi, ama urefushe neli, ama uupinde mwonzi kwa pembe kali zaidi. Wahandisi walifanya yote mawili: pembe zilipanda hadi nyuzi 90, kisha 110. Lakini kila mara palibaki urefu ambao haukuepukika. Ndiyo maana televisheni ya neli ina mgongo, na kadiri uso wake ulivyo mpana ndivyo mgongo ulivyozidi.

Jambo la pili ni uzito. Ndani ya neli mna ombwe, na nje mna hewa ya dunia nzima inayosukuma, karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Uso wa neli ya inchi 29 hubeba msukumo unaozidi tani 2. Kwa hiyo uso huo ulifinyangwa ukatutumka kidogo, kwa sababu ileile inayolifanya yai lisivunjike kirahisi kiganjani. Katika miaka ya 1990 viwanda vilipoanza kushindana kuunyoosha uso ili mwanga wa dirishani usirudi machoni na picha isionekane kupinda pembeni, vililazimika kuongeza unene wa kioo. Matokeo yake ni kwamba neli ya kioo bapa ilikuwa nzito kuliko ile ya uso wa kutuna. Televisheni zile 10 nilizoziagiza kwa kalamu yangu zilizidi kilo 40 kila moja, na uzito wa ziada ulitokana na lile neno bapa.

Neli za rangi zilikuwa na mambo yao mengine: mionzi mitatu badala ya mmoja, bati jembamba lenye matundu nyuma ya uso ili kila mwonzi uguse rangi yake tu, na umeme upatao volti 25,000 ndani ya sanduku. Fundi asiyejua hilo alijifunza mara moja tu.

Chogo

Neli hizo zilifika kwetu kwa nyakati mbalimbali. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi tangu siku ya kwanza, kabla ya Afrika Kusini, ambayo matangazo yake rasmi yalianza Januari 1976. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, na hata hapo walioanza walikuwa watu binafsi. Kituo cha taifa kilikuja baadaye. Subira hiyo ilileta jambo la ajabu kidogo katika lugha. Bara, kwa miaka mingi, televisheni lilikuwa jina la sanduku la kutazamia mikanda ya video, wala si jina la huduma ya utangazaji. Mtu aliweza kumiliki televisheni katika nchi ambayo haikuwa na televisheni, na sentensi hiyo isimshangaze yeyote.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeiita televisheni yake chogo. Asingekuwa na sababu. Zote zilikuwa na mgongo, na jambo lililo kwa wote halitofautishi. Jina chogo lilikuja pale zile nyembamba zilipoanza kuonekana madukani na katika kumbi za mahoteli. Ghafla watu walihitaji neno la kuitenga ile ya zamani, nao hawakungoja kamati. Waliitazama kwa upande, wakaona uso mbele na kitu kilichochomoza nyuma, kama kichwa cha mtu mwenye kisogo kirefu, wakaiita televisheni ya chogo.

Hali hii si ngeni katika Kiswahili. Simu ilikuwa simu tu mpaka simu za mkononi zilipokuja. Ndipo ile ya kwanza ikawa simu ya mezani. Saa ilikuwa saa mpaka zilipoletwa zile za tarakimu. Ndipo tukasikia saa ya mishale. Kitu cha kale hupata jina lake kamili siku ambayo kimepata mshindani. Watunzi wa kamusi hulikosa jambo hili mara nyingi, kwa kuwa hutafuta majina ya vitu vipya peke yake, na kumbe kitu kipya kikiingia huacha mahitaji mawili ya majina.

Nimewahi kusikia wenzetu wakilidharau neno chogo kuwa ni la mitaani. Mimi sikubaliani nao. Tumekwisha kuona kwamba mgongo ule si pambo. Unatokana moja kwa moja na neli na njia ya mwonzi. Aliyesema chogo aligusa sifa ambayo televisheni ya neli haiwezi kuiacha na ile ya paneli haiwezi kuipata. Hata ile iliyonyooshwa kioo ina chogo. Laiti ningeandika katika hati ile "zisizo na chogo", mzabuni asingekuwa na pa kupitia.

Bapa tatu

Ndoto ya televisheni nyembamba ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na hapa ndipo neno bapa lilipoanza kuchafuka. Mwaka 1982 Sony ilitoa televisheni ndogo ya mkononi, Watchman, na mwaka uliofuata Clive Sinclair wa Uingereza akatoa ya kwake. Zote mbili zilisifiwa kuwa bapa, na zote mbili zilikuwa na neli. Neli yenyewe ilikuwa imelazwa, mwonzi ukipigwa kwa ubavu badala ya kutoka nyuma. Hiyo ni bapa ya kwanza. Bapa ya pili ni ile ya neli kubwa iliyonyooshwa uso, niliyokwisha kuieleza. Bapa ya tatu ndiyo ile ambayo kila mtu sasa huifikiria, na ndani yake hamna neli kabisa.

Ile ya tatu ina asili mbili tofauti. Ya kwanza ni plazma. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson walitengeneza ubao wa vijumba vidogo vilivyojazwa gesi, kila kijumba kikiwaka kwa umeme. Hawakuwa wakitafuta televisheni. Walitaka skrini ya kufundishia kwa kompyuta katika mradi wao ulioitwa PLATO. Walimu waliomo miongoni mwa wasomaji wetu watapenda kulijua hilo.

Asili ya pili ni ya fuwele kioevu, nayo ilianzia mbali zaidi. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, mjini Prague, alikuwa akichunguza mata yenye asili ya kolesteroli akaona kwamba ina viwango viwili vya kuyeyuka: kwenye nyuzi 145 inakuwa majimaji yenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 na nusu inakuwa angavu. Mjerumani Otto Lehmann ndiye aliyeiendeleza kazi hiyo na kuipa jina lenye kugongana, fuwele zitiririkazo, maana kila mtu alijua kwamba fuwele ni kitu kigumu. Kiswahili kimeurithi mgongano huo katika fuwele kioevu, na ni vyema kilivyourithi, kwa sababu ndio ukweli wa kitu chenyewe: kinatiririka kama maji, lakini chembe zake zimejipanga kama za fuwele.

Mwaka 1968 kundi la George Heilmeier katika maabara za RCA lilionyesha kwamba fuwele kioevu inaweza kuongozwa kwa umeme ikatoa maandishi. RCA, iliyokuwa imetajirika kwa neli, haikuona sababu ya kuharakisha. Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, mjini Basel, waligundua namna ya kuzisokota chembe hizo ili zizuie au ziruhusu nuru. Na mwaka 1972 kundi la Peter Brody katika Westinghouse lilitengeneza ubao ambao kila nukta yake ilikuwa na transista yake. Wajapani ndio waliokifanya kitu hicho kiwe cha dukani: saa na vikokotoo kwanza, kisha televisheni za mkononi, na mwaka 1988 Sharp ikaonyesha paneli ya rangi ya inchi 14. Kutoka hapo hadi kuishinda neli ilichukua karibu miaka 20. Mwishoni mwa mwaka 2007 mauzo ya televisheni za fuwele kioevu duniani yaliyapita ya zile za neli kwa mara ya kwanza, na mwaka 2008 Sony ikaacha kutengeneza neli zake mashuhuri za Trinitron. Plazma nayo haikuishi sana. Panasonic iliiacha mwishoni mwa mwaka 2013, na wengine wakafuata.

Wafasiri wa matangazo ya biashara wajihadhari na jambo moja zaidi. Kuanzia mwaka 2009 hivi maduka yalijaa televisheni zilizoitwa za LED, kana kwamba ni aina mpya. Hazikuwa aina mpya. Zilikuwa za fuwele kioevu, ila taa iliyo nyuma ya ubao ilibadilishwa, zikawekwa vidiodi vya nuru badala ya taa za neli nyembamba zenye zebaki. Jina lilitokana na taa, si picha. Kuiita televisheni kwa jina la taa yake ni sawa na kuiita nyumba kwa jina la dirisha. Zile ziitwazo OLED, ambazo kila nukta hutoa nuru yake yenyewe bila taa ya nyuma, ndizo zilizo tofauti kweli.

Uchaguzi wa wananchi

Kwa miaka kadhaa aina hizi zilikaa pamoja madukani, na mnunuzi wa kawaida alikuwa na uchaguzi wa kweli. Si sahihi kudhani kwamba aliyechukua ya chogo alikosa tu fedha. Picha ya neli ilionekana vizuri kutoka pembe yoyote ya sebule iliyojaa majirani, weusi wake ulikuwa weusi, na haikuburuza kivuli cha mpira uendao kasi kama paneli za mwanzo zilivyofanya. Mikanda ya zamani na matangazo ya analojia yalionekana vizuri zaidi juu ya neli kuliko juu ya paneli kubwa, ambayo iliyatanua mpaka kila kasoro ikajitokeza. Zaidi ya hayo, fundi wa mtaani aliweza kuifungua, akabadilisha kapasita au transfoma ya volti kubwa, ikafanya kazi miaka mingine mitano. Paneli ikipasuka, gharama ya ubao hukaribia bei ya televisheni mpya.

Kwa upande wa pili, televisheni ya neli ya rangi ya inchi 21 ilikula umeme wa wati 70 hadi 100, na paneli ya inchi 32 yenye taa za LED hula nusu ya hapo au pungufu. Kwa mtu anayetegemea umeme wa jua hilo peke yake lilimaliza mjadala.

Pale lugha ilipoingia kwa ubaya ni wakati wa kuhamia utangazaji wa dijitali. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa utangazaji wa analojia kwa nchi nyingi, zikiwamo zetu. Tanzania iliwahi: mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikazima yake mwaka 2015. Walikuwapo waliosikia "televisheni ya dijitali" wakaelewa televisheni nyembamba, wakaamini kwamba ile ya chogo itakufa usiku huo. Kumbe dijitali lilikuwa jina la mawimbi, na bapa ni jina la umbo. Chogo lolote lenye matundu ya rangi tatu nyuma, njano, nyeupe na nyekundu, liliweza kuendelea kwa kuunganishiwa king'amuzi. Neno king'amuzi, lililotokana na kitenzi ng'amua, nalihesabu miongoni mwa istilahi zilizofaulu kabisa katika miaka yetu. Lilienea kwa sababu lilisema kazi ya kisanduku. Lakini tangazo lililosema "nunueni king'amuzi" bila kuongeza "hata kwa televisheni ya chogo" lilimwacha msikilizaji nusu ya njia.

Maofisa wa forodha na wa mazingira wana sababu yao pia ya kutaka maneno yaliyonyooka. Kioo cha neli ya rangi kina madini ya risasi, kilo 1 hadi 2 na zaidi kwa neli kubwa, yaliyowekwa ili kuzuia mionzi isimdhuru mtazamaji. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unakitaja kioo cha neli za kathodi miongoni mwa taka za hatari. Paneli za mwanzo hazina risasi ya kiasi hicho, lakini zina zebaki katika taa zake. Ofisa akiandika katika fomu "televisheni za zamani", hajamwambia mtu wa jalala lolote la kumlinda.

Mapendekezo

Kwa aina ya kwanza, hati rasmi zitumie televisheni ya neli. Neli ni neno ambalo wanafunzi wetu wanalo tayari katika maabara. Tyubu nisingeipendekeza, kwa kuwa imekwisha kushikwa na matairi na taa za dari. Na neno chogo liingizwe kamusini kwa maana hii ya pili, bila alama ya kulishusha hadhi.

Kwa aina ya pili, napendekeza televisheni ya paneli. Wananchi wanalijua neno paneli kutoka mapaa ya nyumba zenye umeme wa jua, na linataja ubao mzima, si uso tu. Kioo bapa kiachwe kimaanishe kile kinachosema, yaani kioo kilichonyooka, kiwe cha neli au cha paneli. Mwaka 2013 Samsung na LG zilianza kuuza paneli zilizopindwa kama upinde, na baadaye zikaja zinazokunjwa kama mkeka. Hizo ni paneli kamili, na si bapa. Mwenye kushikilia neno bapa atazifasiri vipi?

Pale aina ya paneli inapohitajika, itajwe: ya fuwele kioevu, ya plazma kwa vifaa vya zamani, au ya OLED. Taa ya LED itajwe kuwa taa. Nimeuandika upya ule mstari wa zabuni, ingawa hakuna aliyeniomba: "Televisheni 10 za paneli ya fuwele kioevu, zenye unene usiozidi sentimita 15, za kutundikwa ukutani, zisizopungua inchi 29 kwa ulalo."

Zile televisheni 10 hazikurudishwa. Ziligawanywa katika ofisi mbalimbali za taasisi ile, na nilipopita huko mwaka 2016 nilikuta moja katika kibanda cha walinzi, juu ya meza iliyoongezewa mguu wa tano, imeunganishwa na king'amuzi. Nilimuuliza mlinzi kama bado inafanya kazi. "Shikamoo, mzee," akaniamkia kwanza, kisha akaiwasha.